Viazi Vinavyosafiri Kifahari

Dada Salome mpendwa,

Baridi ya Mbeya imenishika masikio, lakini salamu zangu kwako bado zina moto. Nimetumwa na ofisi yetu ya usafirishaji kulinganisha stakabadhi za mizigo na kile kitabu chetu cha madaraja ya nauli, maana zinaonyesha Iringa inaleta viazi Mbeya kila wiki. Mbeya, dada, ambako viazi vimejaa hadi barabarani!

Leo nimelisubiri lori la viazi hivyo. Mwenye mzigo ni mama mmoja wa Mlandege, kule Iringa, na lori limejaa vikapu, kila kimoja na kiazi kimoja ndani.

"Mama, hivi si vikapu?"

"Kamwene, mwanangu," akanisalimu kwa Kihehe. "Hivyo ni viazi. Nimevifunga vizuri tu."

Kitabu kinatoza kikapu kitupu nauli ya samani, ila kikibeba chakula hakihesabiwi. Akilipishwa ya samani, biashara yake ya kuuza vikapu imekufa.

"Andika unachokiona," akasema, "ila ujue nina watoto watano."

Nimependekeza daraja jipya la nauli nafuu: vikapu vitupu, vilivyopangwa kimoja ndani ya kingine. Nikamsomea. Akanuna.

"Kwa hiyo viazi vyangu mmevifukuza kazi?"

Mguu wako upone haraka, dada. Nawakumbuka nyote.

Kaka yako,
Festo