Majibu ya Cheche Niliyoyaficha

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana nimebanwa na hapa nyumbani sina wa kumwambia, mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na mdogo wangu wa kiume tunayemwita Cheche anachomelea mageti, sote wawili tumepimwa tukakutwa na homa ya ini aina C, daktari anahisi tuliipata utotoni kwa jirani aliyekuwa akichoma mtaa mzima kwa sindano moja. Tumeuza kiwanja alichotuachia baba na pesa inatosha dozi moja ya vidonge vya miezi mitatu, au sindano za karibu mwaka mzima kwa wote wawili, Cheche anasema tununue vidonge tugawane nusu kwa nusu, mume wangu anasema sindano ndiyo haki, lakini mshauri, aibu yangu ni hii, majibu nilikwenda kuyachukua peke yangu na daktari akaniambia ini la Cheche limeanza kuwa na makovu, langu bado zima, nami nikarudi nikasema mimi ndiye niliyezidiwa. Karatasi yake nimeificha chini ya vitambaa, na kila akipita ananiuliza, "Dada, umekula lakini?" nakosa pa kuweka uso. Nina watoto watatu, naogopa kufa, nifanyeje?

Fundi Cherehani

Fundi, kuogopa kufa si kosa. Kumficha mdogo wako majibu yake ni kosa, na unalijua, ndiyo maana umeandika. Sikusubiri gazeti lichapwe. Nilikupigia simu nikakwambia uitoe karatasi siku hiyo hiyo. Ukaitoa. Ulinisimulia kwamba Cheche aliisoma mara mbili, glovu za kazi bado mkononi, akasema, "Ungeniambia tu, dada. Hata hivyo ningekuachia wewe." Ukalia. Sawa, ulistahili kulia, lakini sasa futa machozi tufanye kazi.

Habari ya kugawana dozi isahauni kabisa. Nusu dozi haimponyi mtu, na virusi vinaweza kuwa sugu. Mumeo naye ana nia njema, ila urahisi wa bei umempiga chenga. Nimemuuliza daktari wa ini: kwa sindano zile za zamani ni kama nusu tu ya wagonjwa waliopona, tena kwa homa na uchovu wa miezi chungu nzima. Nani atashona? Nani atachomelea? Vidonge vipya vinaponya zaidi ya watu tisini na tano katika mia. Usiangalie bei ya dozi, angalia unalipa kiasi gani hadi upone.

Kabla hamjanunua chochote, muulizeni mfamasia wa hospitali kama kuna dawa hiyo hiyo ya kiwanda kingine, iliyosajiliwa. Mara nyingi bei yake ni ya chini sana, na huenda pesa yenu ikatosha wote wawili. Isipotosha, Cheche anaanza, kwa sababu makovu hayasubiri, nawe utafuata pesa ikipatikana, huku ukipimwa kila daktari atakapokuita. Vidonge vya mitaani msiguse. Pombe hapana. Kila mtu na wembe wake na mswaki wake. Kula pamoja kuleni. Mkimaliza dozi, baada ya miezi mitatu mrudi kupimwa damu, hapo ndipo mtajua mmepona.

Kesho asubuhi funga cherehani, nenda na mdogo wako hospitali, na mbele ya daktari acha azungumze yeye.