Ukanda Haukufika Nyuma ya Sikio

Dada yangu Kendi,

Sijui kama habari za huku hufika huko uliko, lakini hii nitaiandika hivyo hivyo. Wiki tatu sasa ninaishi kwa hofu. Jumamosi binti yako Kanana atatoka Laare kuja kwangu hapa Embu. Nimemwambia nimemkumbuka na ninataka kumwona. Ni kweli, lakini sicho kilichonifanya nimpigie simu.

Acha nianzie mbali kidogo, maana nikianza na lile jambo lenyewe nitaiacha kalamu.

Unakumbuka ile njia ya kutoka mtoni hadi nyumbani kwetu Kanyakine, pale penye utelezi karibu na kahawa za kina Muthuri? Mimi nilikuwa na miaka minane na wewe kumi na sita. Mgongo wa mama ulikuwa umeshakataa kazi, kwa hivyo ulitolewa shuleni ukakabidhiwa mukwa, ule ukanda wa ngozi unaopitishwa juu ya kichwa ili mgongo ubebe kuni, maji, majani ya ng'ombe na magunia ya kahawa ya kupeleka kiwandani. Mimi nilikuwa nyuma yako na daftari zangu. Nilipookota hata kijiti nikusaidie, ulinifokea.

"Weka chini! Kichwa chako ni cha masomo. Changu ndicho cha mukwa."

Ulisema ukicheka, nami nikacheka. Nilikuwa mtoto, sikuona kama hapo palikuwa na kitu cha kuuma.

Ulipofika miaka ishirini, mstari mpana ulikuwa umekatiza utosini mwako, pale ukanda ulipolala kila siku. Nywele zilikuwa zimekwisha na ngozi inang'aa. Hakuna aliyeshtuka. Nyanya yetu alikuwa na wake, tena umebonyea hadi ungeweza kulaza kidole ndani. Wamama wote wa pale kwetu walikuwa nao chini ya vitambaa. Baba alikuwa na kipara, tukasema amekirithi kwa babu. Wavulana wa shule walitoka madoa kichwani, tukasema ni mapunye ya mashine chafu ya kinyozi. Kila kichwa kilikuwa na sababu yake na kila sababu ilikuwa ya kweli. Ndiyo maana hatukujifunza kuuliza zaidi.

Kanana alipozaliwa, nywele zako zilitoka kwa mafungu. Ulikuwa ukichana unajaza mkono. Mama akasema ni kunyonyesha, zitarudi, na nyingi zilirudi kweli. Halafu likizo moja nilikuja nyumbani kutoka chuo cha ualimu, nikakuosha kichwa pale uani, wewe umeinamia beseni. Nyuma ya sikio la kushoto niliona doa lenye ukubwa wa kifuniko cha soda. Katikati palikuwa peupe, laini, pamekufa kabisa, na ukingoni pamekolea weusi.

"Dada, na hapa je?"

"Ni mukwa tu. Mwaga maji, shingo inaniuma."

Ukanda hupita juu ya kichwa, Kendi. Haufiki nyuma ya sikio. Nilijua hivyo siku ile ile. Nani angejua kuliko mimi, niliyetembea nyuma yako miaka yote hiyo nikiutazama? Lakini nilimwaga maji nikanyamaza.

Yaliyofuata unayajua. Mashavu yako yakatoka wekundu uliogeuka weusi, tukasema ni jua la shambani. Asubuhi vidole vilikataa kushika kikombe mpaka vipashwe moto jikoni, tukasema ni kazi. Ulilala mchana, wewe ambaye hukuwahi kulala mchana, na shangazi mmoja, nisimtaje, akasema umekuwa mvivu. Mwisho miguu ikavimba, ukawa huwezi kuvaa hata patipati. Ulipofikishwa hospitali kubwa zilikuwa zimebaki siku nne. Ulikuwa na miaka thelathini na minne, na Kanana alikuwa na sita.

Nami nikasimama kanisani. Nilikuwa nimeandika maneno mazuri, si nilikuwa mwalimu tayari? Niliwaambia watu kwamba dada yangu alitoa nywele zake ili mimi nipate kusoma, na kwamba kipara chako ndicho cheti changu cha kwanza. Wamama walilia. Pasta alirudia maneno yangu kwenye mahubiri. Kanana alikuwa kiti cha mbele, amevaa gauni la kuazima, akisikiliza kila neno. Amekua nayo hadithi hiyo. Huwasimulia watu mpaka leo.

Miezi miwili iliyopita nilikwenda kusukwa. Msusi wangu, Wanja, ni mtu wa maneno mengi, hukwambia habari za mji mzima kabla hajamaliza upande mmoja. Siku hiyo alinyamaza ghafla, na kitana kikasimama.

"Mwalimu, hapa nyuma uliungua na dawa?"

Sijatia dawa ya nywele miaka kumi. Akaniletea kioo cha pili nijione. Alikishika mwenyewe nyuma ya kichwa changu. Palikuwa peupe katikati na peusi ukingoni. Nililijua lile doa, Kendi, kama mtu anavyoujua mwandiko.

Mimi sijawahi kubeba mzigo kwa mukwa hata siku moja. Wewe ulihakikisha.

Daktari wa ngozi ni kijana mpole. Aliniambia nywele hutoka kwa sababu nyingi: urithi, kusukwa kwa kuvutwa, dawa kali, fangasi, uzazi, homa kubwa, huzuni, damu kupungua, tezi ya shingoni. Nyingi kati ya hizo zikitibiwa mapema au zikiachwa zipite, nywele hurudi. Lakini kuna aina inayoacha kovu, na penye kovu nywele hazioti tena. Hiyo ndiyo aliyotaka kuichunguza. Akaanza maswali. Je, mashavu huwashwa ukikaa juani? Vidole huuma asubuhi? Unachoka bila sababu? Vidonda mdomoni? Miguu inavimba?

Aliniuliza juu yangu, nami kila mara nilikuwa ninajibu juu yako. Akaweka kalamu chini.

"Mama, huyu dada yako alipelekwa kwa daktari lini?"

Nililia pale mbele yake na umri wangu wote huu.

Wakakata kipande kidogo cha ngozi, wakapima damu na mkojo. Ugonjwa unaitwa lupus. Mwili unajigeukia na kujishambulia wenyewe, kwanza ngozi na viungo, kisha kwa wengine figo. Mimi figo zangu bado ni nzima, wamenipa vidonge vya kila siku na kofia ya jua. Kuhusu wewe daktari alisema hawezi kuthibitisha kwa maneno matupu. Kisha akauliza kama uliacha mtoto, na kama ni wa kike, kwa maana huwapata wanawake zaidi na huweza kufuata damu ya ukoo. Tangu siku hiyo sijapata amani.

Kanana huvaa wigi sasa, dada. Nimekumbuka ni mwaka wa pili tangu nione nywele zake. Nilimuuliza kwenye simu, akacheka kicheko chako. Bado huniita tata, kama sisi tulivyowaita shangazi zetu.

"Ni kusukwa tu, tata. Yule msichana wa Laare huvuta mpaka macho yanapanda. Wacha zipumzike."

*

Leo ni Jumapili. Kanana alifika jana.

Nilimpa chai na viazi vitamu, nikamwomba avue wigi. Alikataa, akanitania, mwisho akavua. Mbele, kwenye kingo za uso, nywele zilikuwa zimekatika kwa kuvutwa, kama alivyosema. Nilitamani iwe hiyo tu. Nikazifungua nyuma kwa vidole, polepole. Yapo madoa matatu, Kendi. Moja limeshakuwa kovu.

Nikamwambia yote. Nikamwambia kwamba maneno niliyosema kanisani yalikuwa nusu tu ya ukweli, kwamba si mizigo iliyokumaliza, kwamba nililiona doa siku ile uani na sikusema. Hakulia. Alikunja lile wigi mapajani kama anayekunja nguo zilizofuliwa.

"Kwa hivyo mama angetibiwa?"

Nilitaka kusema barabara ilikuwa mbaya, kwamba huenda hata huyo daktari asingepatikana. Nikasema, "Pengine. Hatukujaribu."

Kisha akainama, akavua viatu na soksi, akaninyooshea miguu iliyovimba. Pale mpira wa soksi ulipokuwa palikuwa na shimo limezunguka kifundo, nalo halikujaa hata tulipongoja. Alisema imekuwa hivyo tangu mwezi jana. Alidhani ni kusimama sokoni siku nzima.

"Tata, nimechelewa?"

Katika nyumba yetu kulikuwa na jibu la kila kitu kinachouma. Nilimwambia sijui.

Amelala chumba cha pili sasa, mchana huu, yeye ambaye halali mchana. Viatu vyangu nimeviweka mlangoni. Siingoji Jumatatu. Akiamka tu, tunakwenda hospitali.

Ni mimi, mdogo wako uliyemkataza kubeba.