Pufu Ndani ya Begi la Mchumba Wangu

Mama Nkongolo, naomba unisaidie ju nimekosa mutu wa kuuliza, mi ni binti wa miaka makumi mbili na tisa wa hapa Dilala, natafsiri Kichina na Kifaransa mu kampuni moja ya shaba, kazi nzuri, mushahara unaingia, na muezi wa nane naolewa na Blanchard, fundi wa umeme kule Nzilo, mwanaume mupole, niko na furaha kweli, isipokuwa hii: tangu miaka ine navuta sigareti ya umeme, ile bijana banaita pufu, ya harufu ya embe, na Blanchard hajui. Sigareti ya moshi sikuvutaka hata siku moja. Nilianza kazini, ju mapumziko batu wote banatoka inje na pufu yao na asiyetoka anabaki peke yake, nikaazima ya mwenzangu Zéphirin, kisha nikanunua yangu. Ndugu yangu Ruffin, anayechimba madini kule Kasulo, alijaribu wiki mbili akaacha. Mi na diploma yangu nimeshindwa.

Jumapili tulienda kutembea Nzilo, Blanchard akaniambia, "Kapinga, kamata kisu mu saki yangu, tukate nanasi," akaenda kunawa mikono, nikafungua ile begi, na chini ya taulo nikakuta pufu nyekundu, ingali na joto ya kuvutwa. Nikafunga. Aliporudi akauliza, "Umeona kisu?" Nikajibu, "Nimeona." Tukakula, tukacheka sana, siku ilikuwa muzuri. Sasa Mama, nimuambie nimeona yake, ao ninyamaze ju na mi niko na yangu?

Kapinga, Dilala

Kapinga mwanangu,

Majina nimeyabadilisha, lakini safari yenu ya Nzilo nimeiacha kama ulivyoisimulia, na huenda mchumba wako naye anasoma gazeti hili, atajitambua. Kwa hiyo ongea naye leo.

Hongera kwa ndoa. Barua za watu wenye furaha sizipati sana. Ila nikukemee kidogo: unahangaika na ya kwake, wakati ya kwako ina miaka minne mafichoni.

Na acha kujilinganisha na Ruffin. Hakukushinda kwa moyo. Kule anakochimba sidhani wenzake wana pufu. Wewe kila mapumziko unazungukwa nazo, na fedha ya kununua nyingine haikosi. Ndiyo maana yako imedumu. Sasa fikiria nyumba ya watu wawili, mmoja anavuta chooni, mwingine nyuma ya gari, na kila anayejaribu kuacha anarudishwa na harufu ya mwenzake.

Weka yako mezani kwanza. Usimuulize kitu, mpe muda azungumze mwenyewe. Kesho mwambie Zéphirin waziwazi kwamba unaacha, halafu chai yako ya mapumziko kanywe mahali pengine. Nendeni pamoja kituo cha afya, mumuulize muuguzi njia ya kuacha, hasa kama mnataka watoto mapema. Wiki za kwanza mtakuwa na hasira za bure, vumilianeni. Chagueni siku moja ya kuacha, wote wawili, kabla ya harusi.

Ukiniandikia tena, nataka barua yenye sahihi mbili.

Mama Nkongolo