Miaka Mitatu Isiyo na Bei

Ngumi

Kwa mdogo wangu Nasrudin, huko Kismayo,

Pokea salamu zetu. Sisi ni wazima. Binti yangu Barke amezaa mtoto wa kiume, na kuku wangu wa madoa ameliwa na paka wa jirani, anayeapa kwamba paka wake hali kuku.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekasirika. Ati niuze vikuku vya marehemu mama, tununue magamba ya kasa ng'amba, tuyaweke tukingoja lira za Mtaliani, kwa kuwa umepekua daftari la baba na kuona bei ilipanda kila alipouza. Wasema haikushuka hata mara moja! Ingeshukaje, Nasrudin? Baba aliandika siku alizouza tu. Asipopata mnunuzi, hakugusa kalamu.

Hebu lifungue tena utazame tarehe. Kuna mahali zinaruka miaka mitatu. Wewe ulikuwa bado unanyonya. Wazungu walikuwa vitani, wanunuzi hawakuja, na magamba yalijaa uvunguni mwa kitanda mpaka wadudu wakayatoboa. Chakula kikaisha. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano. Baba akanioza kwa mzee Mbwana wa huku kisiwani Ngumi, kwa magunia mawili ya mtama. Uji ule ndio uliokukuza.

Vikuku siuzi. Lakini kwa kuwa unapenda hesabu, chukua kalamu. Palipo na pengo andika: Kulthumu, magunia mawili. Kisha uniambie kama bei ilipanda.

Dada yako,
Kulthumu