Salamu Mara Tatu

Jhuma, sikia yaliyonikuta leo darasani.

Ile hotuba ya Kiingereza niliyokariri wiki nzima, kuhusu nchi yetu na mito yake, Mwalimu Enamul kanikatiza katikati. "Ngoja, mama. Rudia hapo kwenye mito."

Mimi nianzie kwenye mito? Unanijua, nikikariri huanzia mwanzo tu.

Nikaanza upya: asalaam aleikum, mwalimu mheshimiwa, wenzangu wapendwa.

Akanikatiza. Nikarudi kwenye salamu.

Mara ya tatu darasa zima likaniitikia, waaleikum salaam. Wanakufa kwa kicheko.

Mwalimu hakucheka. Jhuma, hakucheka kabisa. "Kesho njoo bila hotuba. Mimi nitauliza, wewe utajibu."

Na baba kashasema, nikifeli Kiingereza naacha shule hapa, narudi kwetu Bogura.

Sasa nimejifungia chumbani nakariri majibu. Maswali yenyewe siyajui.