Karatasi ya maswali kuhusu baba

Shoga, uko wapi? Soma hii ukiwa peke yako.

Unaikumbuka ile kazi ya darasa la jioni, maswali kuhusu tabia za watu wa nyumbani? Leo nimempa binti yangu ajibu kuhusu baba yake. Swali la nne: akikasirika hufanya nini?

Ameandika, "Baba hagombi. Hunyamaza, halafu kitu cha mama kinapotea."

Nikamwambia aache utani. Akasema, "Si utani, mama. Mkasi wako ulipotea ulipokataa kuacha masomo. Kitambulisho kilipotea ulipojiandikisha mtihani. Nilimwona akikichoma. Nilidhani unajua."

Nilidhani unajua. Shoga, eti nilidhani unajua.

Wewe ni shahidi, nilifunga siku tatu nikimwomba Mungu aniponye usahaulifu. Na yeye alipiga magoti pembeni yangu akaitikia amina. Miaka kumi na tisa nashukuru kwa kupewa mume mpole. Niliamini kwamba mtu asiyepaza sauti ana Mungu moyoni.

Sasa sikiliza. Amerudi kazini akaikuta ile karatasi mezani. Ameisoma yote, akaikunja, akaitia mfukoni. Akaingia chumbani kidogo, akatoka. Hajasema neno. Hajasema neno hata moja.

Nimekimbilia mkoba wangu. Kadi ya mtihani wa kesho haimo. Nimemwaga kila kitu kitandani, haimo.

Yuko mlangoni sasa hivi. Ananiuliza taratibu kabisa, "Umesahau nini tena, mke wangu?"