Mume wangu kaninunulia ampu ya kukaa nayo ndani

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie maana kichwa changu kimekuwa kama redio iliyokwama katikati ya stesheni mbili, nasikia huku na kule na sielewi hata moja. Mimi ni mwanamke mwenye ndoa na mtoto mmoja anayenyonya, napiga gitaa la besi kwenye bendi ya harusi inayoongozwa na kaka yangu, na usishangae, wengi hushangaa, wakiniona jukwaani wanadhani nimemshikia mtu gitaa kaenda chooni. Mume wangu ni fundi friji na alinikuta napiga, alikuja ukumbini kutengeneza friji ya vinywaji, akaimaliza mapema, lakini akabaki pale mpaka tulipokuwa tunakunja nyaya, kwa hiyo hawezi kusema hakujua anaoa nini.

Nilipojifungua nikapumzika, kaka akamweka binamu yetu anishikie nafasi jukwaani, na wakati huohuo bendi ikaanza kurekodi nyimbo zake, kila mtu anarekodi kipande chake kwake kwenye kompyuta halafu kaka anaviunganisha. Hapo ndipo balaa lilipoanzia kwa sababu ampu yangu ya jukwaani, ile mashine ya kukuza sauti ya gitaa, ni dubwana, ukiifungulia kidogo tu sahani zinacheza kabatini na mtoto anaamka, ukiibana mpaka mtoto asiamke sauti inakuwa kavu, haina utamu wowote, basi nikawa nalalamika mezani kila tukila, mume wangu anasikiliza, anatafuna, hasemi kitu.

Siku moja akaja na boksi, ndani mna ampu ndogo ya vali, zile zenye vitaa vya kioo kama redio za zamani, ambazo lazima zipate moto kwanza ndipo sauti itoke, wati tano tu, ya bei ya watu wa kawaida kama sisi, siyo zile za wenye studio, na Mshauri nakiri nilicheka, nikamwambia, "Baba nanii, hii ni ya besi au ya kuchajia simu?" Akasema, "Jaribu kwanza." Nikachomeka gitaa, nikaisogezea maikrofoni, nikatundika blanketi la mtoto nyuma yake ili ukuta usirudishe mwangwi, nikapiga, na sauti iliyotoka ilinikalisha chini, nene, ya moto, inakwaruza kidogo mwishoni kama koo la mtu aliyeimba sana jana, na mtoto yuko chumba cha pili amelala, hakugeuka hata upande. Nililia kidogo, tena mbele yake.

Ungedhani mambo yameishia hapo. Nikamtumia kaka zile rekodi, akanipigia simu anapayuka, "Mdogo wangu, hujawahi kupiga hivi! Besi yako ya nyumbani inaishinda ya ukumbini! Sasa sikiliza, wewe baki hukohuko, uwe unaturekodia, jukwaani binamu anatosha, na mtoto utamlea vizuri." Nikamshukuru sana, nikakata simu nina furaha, nikaenda kuanua nguo, na pale kwenye kamba nikiwa na vibanio mdomoni furaha ikaniishia, sijui ilikwenda wapi, nikajiuliza hivi nimesifiwa au nimefukuzwa.

Aliyenivuruga kabisa ni wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuja kutusalimia, akaizunguka ile ampu akaitazama, akasema, "Wifi, nakupenda lakini wewe bwege. Kaka yangu hawezi kukukataza kwenda ukumbini, ataonekana mbaya. Kwa hiyo kakununulia kitu cha kukukalisha ndani, na mwenyewe unashangilia." Nikamwambia aache uchonganishi, lakini neno lilikuwa limeshaingia. Basi nikaenda mpaka dukani ilikonunuliwa, nikajifanya nataka kuibadilisha, nikamdodosa muuzaji mume wangu aliulizia nini siku ile, naye akasema, "Dada, yule bwana alinichosha. Alitaka kujua kama inafaa ukumbini, nikamwambia ukweli, peke yake haifui dafu mbele ya dramu, hii ni ya kurekodia nyumbani. Akasimama akafikiri weee, halafu akainunua." Unaona, Mshauri? Aliambiwa haifai ukumbini, na ndipo akatoa hela.

Tangu hapo kila anachofanya nakitilia shaka, akimbeba mtoto ili mimi nirekodi najiuliza haya ni mapenzi au ni askari jela, akiniuliza nimerekodi nini leo nasikia kama nahesabiwa. Juzi ndiyo kanimaliza, kaichukua ampu yangu bila kuniuliza, kaitia kwenye kasha la mbao alilolichonga mwenyewe, juu kafunga mkono wa mlango wa friji mbovu, chini kaweka magurudumu ya friji, sasa chombo kilichokuwa kizuri kina sura ya friji ya mwanasesere, nikaona huyu mtu hata heshima na kazi yangu hana, nikanuna kutwa nzima na wala hakuniuliza nina nini, au tuseme aliniuliza nikamjibu sina kitu. Na yeye si mtu wa maneno, friji za watu anaongea nazo kuliko anavyoongea na mimi.

Sasa kuna harusi kubwa inakuja na kaka anataka jibu, nimwachie binamu nafasi moja kwa moja au nirudi. Nikirudi nitaonekana sina shukrani kwa zawadi ya mume wangu, na nikibaki najua nafsini mwangu kwamba sitapanda tena jukwaani, nitazeeka nikimpigia ukuta besi, na ile ampu naipenda na naichukia kwa pamoja, kuna saa naikumbatia na kuna saa natamani kuitupa. Niiuze ninunue kubwa? Nimsamehe mume wangu kwa kosa ambalo sijui hata kama kalifanya? Nieleze unavyoona wewe, mimi nimeshindwa kuona.

Nyuzi Nne

*

Nyuzi Nne,

Pumua kwanza. Barua yako nimeisoma bila kupumua, sasa zamu yako.

Pole, na siisemi pole ya mdomoni. Unamnyonyesha mtoto unayempenda na huku kiti chako kinakaliwa na mwingine, halafu kila mtu anakuambia mambo ni mazuri. Hiyo inachanganya, wala si ujinga kuchanganyikiwa.

Tuanze na chombo. Mimi ampu sizijui, kwa hiyo nilimpelekea barua yako fundi mitambo wa kituo cha redio kilicho ghorofa ya juu yetu. Nilikosea sana, maana mtu huyu akianza kuzungumzia vali hana breki. Nilichoambulia ni hiki. Vali inanoga ikifanyishwa kazi. Ile kubwa yako ukiibana kwa ajili ya mtoto inakuwa haijaamka bado, lakini hii ndogo inafika penye utamu kabla majirani hawajagonga mlango, ndiyo maana mtu anayerekodi nyumbani hahitaji wati nyingi wala hela nyingi. Kwa hiyo usiiuze, na anasema ukishikwa na wazimu wa kuiuza umpigie yeye wa kwanza. Amesisitiza pia usije ukachomoa spika yake na kuiwasha eti mtoto asisikie, utaiunguza. Nilipomuuliza habari ya ukumbini akanishangaa. Akasema unaiwekea maikrofoni mbele, vilevile unavyofanya chumbani kwako, na spika kubwa za ukumbi zinamalizia kazi. Muuzaji alikwambia peke yake haifui dafu. Wewe ukabeba nusu ya sentensi ukarudi nayo nyumbani.

Sasa nikugombeze kidogo, na usinune, maana kununa unakujua.

Nimeipekua barua yako nikimtafuta mtu aliyekwambia ubaki nyumbani. Mumeo hajasema hata mara moja. Wifi yako kamsemea tu. Aliyesema "baki hukohuko", kwa mdomo wake na kwa sauti ya juu, ni kaka yako, na wewe ulimshukuru sana! Kakutoa jukwaani kwa maua, ukayapokea maua, halafu hasira zako ukaenda kuzimwaga kwa mtu aliyekuwa anatafuna kimya. Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu ukigombana na kaka unaipoteza bendi, lakini mume yupo tu, wa kununiwa bure. Hapo hukutenda haki, mwanangu.

Sisemi kaka yako ni mtu mbaya. Huenda anadhani anakupunguzia mzigo, huenda binamu hambishii kama wewe unavyombishia. Lakini hawezi kujua unataka nini ikiwa kila anachosema unamjibu asante.

Wifi yako akija mpe chai na stuli, ila masikio mnyime. Alichokuwa nacho mkononi ni ampu moja na mdomo wake, akatengeneza kesi nzima.

Tubaki na mumeo. Moyoni mwake sijui mna nini na sitajifanya najua. Wanaume wanaomfunga mke kwa zawadi wapo, nimepokea barua zao na za wake zao. Kimya chake nacho ni kosa lake, kwa sababu mtu akimwona mkewe amenuna kutwa na akaridhika na "sina kitu", huyo anajipumzisha. Mwambie hivyo, sema mimi ndiye niliyesema.

Lakini kuna jambo umeniandikia ukalipita mbio, ukaishia kulalamikia sura yake. Mumeo ni fundi friji. Magurudumu yale huwekwa chini ya kitu kizito ili kitoke kilipo, na mkono ule ni wa kukivutia. Hiyo ampu kutoka mezani mpaka kwenye kompyuta yako ina safari gani ya kuhitaji magurudumu? Fundi aliambiwa peke yake haifai ukumbini, akasimama akafikiri weee, akainunua, akaenda kuichongea kasha la kusafiria. Huenda ninakosea. Huenda anataka tu kufagia chini yake. Lakini wewe hujamuuliza yeye. Umemuuliza muuza duka, umemsikiliza wifi, umeniandikia mimi nisiyewajua, na mwenyewe mnakula naye meza moja.

Sasa fanya ninavyokwambia. Leo, kabla hujampigia kaka, mngoje mumeo arudi kazini na mtoto awe ameshiba. Usimuulize kama anakupenda. Wifi usimtaje, na habari ya dukani iache, maana akijua ulimpeleleza mtaanza kesi nyingine. Shika ule mkono wa friji, ivute ampu mpaka mlango wa mbele, uisimamishe pale anapoiona. Ukishapata jibu lake, liwe tamu au chungu, ndipo umpigie kaka na umwambie harusi ile unapiga wewe, binamu ashukuriwe na apewe nafasi siku ukiwa na mtoto mgonjwa, na nyimbo utaendelea kurekodi nyumbani kama kawaida. Kama kaka hakutaki jukwaani aseme hivyo bila maua, ujue moja. Na kama mumeo ndiye asiyetaka, basi utakuwa umelijua pia, na utaniandikia barua nyingine kabisa, ambayo nitaijibu kwa ukali mwingine.

Mlangoni hapo muulize swali moja tu: "Baba nanii, haya magurudumu ni ya kwenda wapi?"

Halafu nyamaza, usimjibie. Mngoje kama unavyoingoja ile ampu yako ipate moto.